Kliniki ya fizio, glavu ya roboti na kapu la karafuu: kipi kilomrudishia mama mkono wake

Hii nimewaahidi watu wengi. Kila nikikutana na mtu Darajani ama kwenye shughuli naulizwa mama mkono vipi, mlimpeleka wapi, mlitumia nini, kwahiyo leo naandika yote pamoja, kliniki, vifaa tulivyonunua, bei, kilichofaa na kilichotupotezea pesa bure. Ni ndefu lakini mwenye mgonjwa wa kiharusi ndani asome mpaka chini, maana mie wakati ule natafuta sikupata mtu wa kunambia haya.

Kwanza mujue mgonjwa wetu alikuwaje. Mama ana miaka 61, mtu wa Wete kule Pemba, na maisha yake yote kala kwa mikono yake, msimu wa karafuu anachambua, msimu ukesha anasuka ukili. Mwezi wa pili mwaka jana alikuja Unguja kwa harusi ya mjukuu wake akafikia kwangu Fuoni. Siku ya nne alfajiri kaenda kutia udhu, nikasikia kopo limeanguka, nikangoja nisikie analiokota, kimya. Kumfata namkuta amekaa chini kaegemea ukuta, mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia umelala kama si wake, anataka kuniita jina neno linatoka zito halieleweki. Kaka angu alikuwa na gari tukamfikisha spitali haraka. Presha ilikuwa 190 kwa 110, na vidonge vyake alikuwa kaviwacha Wete kwasababu alijiona mzima. Skani ikaonyesha mshipa umeziba upande wa shoto wa ubongo, na nyuzi za ubongo zinapishana zikishuka, wa shoto unaendesha viungo vya kulia, ndio maana ukapooza upande ule.

Kalazwa siku tisa. Tulipotolewa tumepewa vidonge vya presha, aspirini, vya mafuta ya damu, na maneno matatu, "mfanyieni mazoezi nyumbani". Mazoezi gani, mara ngapi, nani atatuonyesha, hakuna alotwambia. Nyumba nzima hatuna hata mmoja alosomea mambo haya. Hapo ndipo makosa yetu yalipoanzia na nayasema wazi ili mwengine asiyarudie.

Kosa la kwanza, mchuaji. Majirani walisema huyu kapigwa na upepo, muiteni fulani anachua vizuri. Sina ugomvi na kuchuliwa, kusugua mafuta kwa upole kunampa mgonjwa raha na hata fizio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hakutukataza hilo. Lakini yule aliukamata mkono akauvuta juu mpaka sikioni, mara ya pili, mara ya tatu, mama anapiga kelele, sie tunamwambia vumilia mama ndio dawa yenyewe. Baada ya siku mbili bega likawa na shimo, ukiweka kidole juu ya bega kinazama pahala ambapo ilikuwa pawe na mfupa. Nilikuja kuelezwa baadae kuwa bega la mtu linashikwa na misuli kuliko kitu chengine, misuli ikishalegea uzito wa mkono wenyewe unatosha kuushusha mfupa utoke kwenye kituo chake kidogo kidogo, sasa mtu akija kuuvuta ndio anamaliza kabisa. Na sie wenyewe tulikuwa tunamnyanyua kitandani kwa kumtia mikono kwapani. Kila siku. Mara tano sita kwa siku. Nikikumbuka hilo moyo unaniuma hadi leo.

Kosa la pili, glavu ya roboti. Niliiona kwenye tangazo la simu, mzee kavaa glavu nyeusi ina vipira vya upepo kila kidole, mashine ndogo inapiga upepo, vidole vinafunguka na kufunga, chini wameandika mkono utarudi kwa siku 30. Shilingi 185,000, ikaja na boti kutoka Dar siku ya tatu. Nawapa tathmini yangu ya haki. Inafanya kazi kweli, inafungua vidole na kufunga, na asubuhi mama akiamka mkono umekaza kama ngumi ilikuwa inamsaidia kuulainisha. Hilo tu. Anaivaa huku anaangalia tamthilia, glavu inacheza, yeye mwenyewe hajui hata kama mkono unakwenda. Nilipoipeleka kliniki dada wa fizio aliniuliza swali moja, "anoutikisa mkono ni mama ama ni mashine?" Akanieleza kuwa ubongo unajifunza pale mtu anapotaka mwenyewe, anajaribu, anashindwa, anajaribu tena, kusogezwa tu hakumfundishi mtu kitu. Nikaenda kusoma zaidi nikakuta Uingereza walifanya utafiti mkubwa, ulitoka 2019, wagonjwa 770, na wao hawakutumia glavu za bei hizi bali mashine kubwa za roboti za spitalini, na bado mashine hazikufanya mkono utumike vizuri zaidi kuliko matibabu ya kawaida. Sasa mie na glavu yangu ya kwenye simu nilitarajia nini. Baada ya wiki sita kipira kimoja kikaanza kuvuja, aloniuzia hapokei simu. Pesa ile ni ziara saba za fizio.

Sasa kliniki. Ipo Ng'ambo, ndani ya mtaa, chini ya nyumba ya ghorofa, jina silitaji hapa kwasababu kuna mambo ya kuwalaumu vile vile, mwenye shida ya kweli atanifata wasap. Tulifika wiki ya tano baada ya kiharusi. Usitarajie pahala pa vioo na kiyoyozi. Vitanda viwili, mabomba mawili ya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, kioo kirefu ukutani, meza moja kubwa, na chini ya meza kapu. Nilipolitizama lile kapu moyo ukanivunjika, kuna vibanio vya nguo, vikombe, vifuniko vya chupa, mfuko wa kunde, tasbihi, kitambaa cha jikoni. Nikasema ndio tumekuja kulipia hivi.

Dada wa fizio akaingia, kijana tu, kampa mama shikamoo, akavuta kiti akakaa mbele yake, hajamgusa. Swali la kwanza si presha wala si skani. "Mama, mkono huu ulikuwa ukifanya kazi gani?" Mama maneno yalikuwa bado mazito, akachelewa, akasema ukili. Halafu akasema karafuu. Halafu akasema kula, akaanza kulia.

Hapa nisimame kidogo maana hili la kula halijaandikwa kwenye karatasi yoyote ya spitali. Mtu wa kwetu kafunzwa toka mtoto mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa shoto una kazi zake. Mama tangu arudi spitali alikuwa hataki kula mbele ya mtu. Tunamlisha kijiko, ama anakula mwenyewe kwa shoto kajigeuza ukutani. Ami yetu alimwambia hii ni dharura Mungu hakulaumu, anaitikia, lakini chakula hakishuki. Kapungua mwili sie tunadhani ni maradhi. Yule dada aliposikia akaandika kwenye daftari lake juu kabisa, lengo la kwanza, mama ale wali kwa mkono wake wa kulia. Kisha akasema na kulia kule nako kuna sababu yake, kiharusi wakati mwengine kinagusa sehemu zinazozuia kilio na kicheko, mtu analia kwa jambo dogo hata mwenyewe anashangaa, siyo kuwa kawa mtoto wala si ukosefu wa imani. Nyumbani kwetu kuna watu walikuwa wanamwambia "subira mama, imani imekwenda wapi". Wakanyamaza toka siku hiyo.

Akampima. Unyanyue mkono upande, ukaenda kidogo. Funga ngumi, ikafunga. Fungua, hapa ndio kazi, kidole cha shahada na cha kati vilitingishika kidogo sana, mie nisingeviona. Yeye alifurahi. Alisema kidole kinachojaribu kufunguka ni habari njema kuliko ngumi inayofunga, kwamba Uholanzi waliwafatilia wagonjwa wakaona wale ambao toka siku za mwanzo wanaweza kufungua vidole japo kidogo na kuutanua mkono begani, karibu wote baada ya miezi sita walipata matumizi fulani ya mkono. Mama yeye alikuwa kashafika wiki ya tano si siku za mwanzo, lakini akasema hapa pana pa kuanzia, tena akasema kwa sauti mama asikie.

Nikamuuliza jambo lilokuwa likitutisha. Mama akipiga mwayo mkono uliokufa unapanda wenyewe juu, unakunja kiwiko, mwayo ukisha unashuka. Kuna jamaa yetu alishaona akasema hii si maradhi haya ni mambo mengine, munajua mambo gani. Fizio akasema ni jambo linalojulikana kwa wagonjwa wa kiharusi, mwayo unaongozwa na sehemu nyengine ya chini ya ubongo ambayo haikudhurika na njia yake ya kushuka bado ipo. Jamaa zangu, swali moja hili lilituokoa na gharama za mbuzi mweusi.

Siku ile ya kwanza hatukufanya zoezi la vidole hata moja. Ilikuwa bega na sie. Alitufundisha kumgeuza kitandani, kumlaza upande mgonjwa bega limetangulia mbele, akikaa mkono uwe juu ya mto usining'inie, kumnyanyua kwa kumshika kiunoni na mgongoni siyo kwapani, akivishwa nguo mkono mgonjwa ndio unatangulia kuingia, akivuliwa unakuwa wa mwisho. Kile kitambaa cha kuning'iniza mkono shingoni tulichonunua kwa 15,000 akasema avae wakati wa kutembea tu, akikaa avue, kutwa nzima kiwiko kitakaza na mkono utasahauliwa. Maumivu ya bega yalichukua kama miezi mitatu kupungua. Shimo nalo likapungua kadiri misuli ilivyoanza kuamka, halijesha kabisa.

Halafu ndio kapu. Hapa ndio nataka muelewe vizuri kwasababu mie mwenyewe nilidharau. Kunde, kutoka bakuli hili kwenda bakuli lile. Kwanza siyo kuzishika, kuzisukuma tu juu ya meza kwa kiganja. Kisha kuziokota mbili tatu. Kisha moja. Kitambaa kukikunja, kukifungua, kufuta meza mbele nyuma, kwa maana hiyo bega na kiwiko vinafanya kazi bila ya kubeba uzito. Kibanio kukibinya ukitie kwenye ukingo wa kikombe. Na kila kitu kinahesabiwa. Fizio alinambia Marekani wapo watafiti waliokaa wakahesabu, ilichapishwa 2009, wakakuta kwenye ziara moja ya mazoezi mkono wa mgonjwa unafanya vitendo vya maana kama 32 tu kwa wastani, wakati kwenye majaribio ya wanyama ubongo ulibadilika pale mnyama aliporudia kitendo mamia ya mara kwa siku. Kwahiyo akasema kliniki siyo pahala pa kufanyia mazoezi, ni pahala pa kufundishwa na kusahihishwa, mazoezi yenyewe ni nyumbani na ni 300 kwa siku, umegawa asubuhi, mchana na baada ya magharibi, mgonjwa akichoka anapumzika, na kuchoka kwake ni kweli maana kiharusi kinachosha mtu hata akiwa kakaa. Mtoto wangu wa skuli ndio alikuwa karani, anachora vijiti kwenye daftari, bibi mia na kumi, bibi mia na kumi na moja.

Mpira wa kukamua tulonunua akatwambia uwekeni kwanza. Kila mtu anamletea mgonjwa wa kiharusi mpira! Lakini mkono wa mama ulishaanza kukaza, kunja ilikuwa ipo, kilichokosekana ni kukunjua, sasa ukimpa akamue kutwa unaongeza kile ambacho tayari kimezidi. Alimpa mpira ule ule kazi nyengine, auwachie. Aushike kwa msaada, aufikishe juu ya ndoo, auwachie uanguke. Kuwachia ndiko kulikokuwa kugumu, kuna siku alikaa dakika mbili jasho linamtoka mpira hauanguki, na ulipoanguka tulipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kioo nacho. Nyumbani tuna kioo cha meza ya kuvalia, nikakitia katikati ya mikono miwili, mkono mgonjwa nyuma ya kioo, mzima mbele, mama anatizama ndani ya kioo anaona kama mikono yote miwili inafunguka. Mara ya kwanza alishtuka akautoa mkono kuuhakikisha. Njia hii ilianzia kwa watu walokatwa viungo wanaoumwa na mkono ambao haupo, kisha 1999 wakaijaribu kwa kiharusi, na mwaka 2018 tafiti 62 ziliwekwa pamoja zikaonyesha inasaidia mwendo wa mkono. Haina gharama yoyote. Dakika kama 20 kwa siku, na pete na bangili uzivue mkono mzima ama uvae kote, la sivyo macho hayakubali kudanganyika.

Mwezi wa nne kwa hesabu ya kiharusi vidole vilishaanza kufunguka vya kutosha na kifundo kinanyanyuka, ndio fizio akaja na soksi. Soksi nene, mkono MZIMA ndio unavishwa. Mama aliona kama anaonewa na mie nilitaka kukataa. Maelezo yake ni kwamba mkono mgonjwa siku za mwanzo unajaribu unashindwa, mzima unadakia kila kazi, mpaka ubongo unazoea kuuwacha hata pale ambapo nguvu zimeshaanza kurudi. Aloyagundua haya ni Edward Taub wa Alabama, Marekani, na utafiti wao mkubwa wa 2006 ulikuwa na watu 222, mkono mzima umefungwa glavu wiki mbili, karibu muda wote mtu akiwa macho. Sie hatukufanya hivyo, yeye alitupangia saa tatu kwa siku, mama kakaa kitini, mtu yupo pembeni, soksi isivaliwe akitembea, akishuka ngazi wala akiwa karibu na jiko, kwasababu akiteleza anahitaji mkono wa kujizuilia. Na alisema wazi siyo kila mgonjwa, ambaye vidole na kifundo havinyanyuki kabisa utamtesa tu.

Kwenye zile saa tatu ndio tulijifunza jambo kubwa kuhusu sisi wenyewe. Mama akinyoosha mkono kuchukua kikombe, watu wanne wanaruka kumpa. Fizio alikuja nyumbani siku moja akakaa nusu saa bila kusema kitu, halafu akatwambia kwa adabu sana, "nyie munampenda mama, lakini tangu nimekaa hapa munamfanyia kila kitu, mkono utafanya kazi saa ngapi?" Tuliona haya. Tangu hapo ikawa sheria ndani ya nyumba, mama akianza jambo anamaliza, hata likichukua robo saa, hata chai ikimwagika.

Kula kulikwenda hatua kwa hatua. Kijiko kilifungwa kitambaa kwenye mpini kiwe kinene, kinashikika. Bakuli likawekwa juu ya kitambaa kibichi lisikimbie. Kisha ndizi za kuiva, kitu kinachoshikika. Wali ulikuja mwisho, maana tonge ni kazi ya vidole vyote vitano na kidole gumba kusukuma, na gumba ndilo lilochelewa kuliko vyote. Mwezi wa saba, siku ya Ijumaa, tumeandaa jamvi, pilau, mama akasema nisogezeeni. Nusu ya tonge ilianguka. Nusu ikafika. Hakuna alosema kitu, tumeinamia sahani zetu tunalia huku tunakula.

Na karafuu. Msimu ulipoanza mwaka jana kaka angu wa Wete alitia kipolo cha mbichi kwenye boti, vishada na makonyo yake. Hii haikuwa amri ya fizio, ilikuwa yetu, lakini tulimpigia video akasema hilo ni zoezi bora kuliko kapu lake lote, mikono miwili inafanya kazi kwa pamoja, vidole vinatafuta vyenyewe, na ubongo unalijua jambo lile miaka hamsini. Nilimuona mama kashika kishada kwa shoto anakisukuma kwenye kiganja cha kulia, pole pole, karafuu zinadondoka kwenye ungo, na uso wake ulikuwa uso ule wa zamani. Harufu nyumba nzima. Siku ile hatukuhesabu lakini zilipita 300 kwa mbali. Kifumbu nacho nilikitafuta sokoni, maana chujio na blenda ndio tunazotumia siku hizi, na kukamua tui kwa kifumbu kunataka kukunja, kukunjua na kuzungusha mkono mpaka kiwiko, lakini hiyo aliruhusiwa mwishoni, mkono ukishafunguka wote.

Sasa lawama, maana nazo ni za kweli. Mlangoni kuna ngazi tatu na hazina pa kushikilia. Kliniki ya watu walopooza! Kila siku kaka angu na dereva wa teksi walikuwa wanambeba mama na kiti, na mama ni mtu wa haya alikuwa anajifunika uso kwa mtandio. Nimewaambia mara tatu, wakasema nyumba ni ya kupanga. Ubao wa mbao wa kutelezeshea kiti si ghali namna hiyo. La pili, fizio mwanamke yupo siku mbili tu kwa wiki, siku nyengine ni kijana mwanamme, mpole na anajua kazi, lakini mama hakuwa tayari kushikwa bega na kiuno na mwanamme, na najua wanawake wengine wengi wa umri wake hawatosema, watawacha kuja tu. La tatu miadi, unaambiwa saa tatu unaingia saa nne na nusu, kwa mgonjwa wa kiharusi huo siyo usumbufu mdogo, akifika kitandani nguvu zote zimeshaishia kwenye benchi. Ziara mbili tulilipia mama akalala usingizi. Risiti unapewa ukidai.

Bei. Tathmini ya kwanza 30,000. Ziara ya kliniki 25,000, ya nyumbani 40,000. Tumekwenda kliniki mara 26 na fizio kaja nyumbani mara 8, jumla milioni moja kamili ukiondoa teksi, kwa muda wa mwaka na zaidi. Ni pesa nyingi kwetu, ndugu wanne tumechangishana. Lakini kama ningeanza upya ningechukua ziara nyingi za nyumbani mwanzoni kuliko za kliniki, kwasababu alipokuja nyumbani ndio alitizama kitanda chetu, choo chetu, jiko letu, na ndio alotuona sie. Nawapa nyota nne, ya tano wataipata siku ile ngazi zitakapopata ubao.

Saivi mama yupo wapi. Miezi 17. Anakula kwa mkono wa kulia, anatia udhu mwenyewe, anavuta tasbihi kwa vidole vile vile, maneno yamesafika siku nyingi. Hawezi pini ya mtandio, hawezi kutunga uzi kwenye sindano, akiwa na baridi ama hasira vidole bado vinakaza. Ukili anasuka, pima moja inamchukua siku tatu na ukingo hauendi sawa, zamani ulikuwa kama umepigwa rula. Kwenye miezi mitatu minne ya mwanzo maendeleo yalikuwa ya haraka, unaona tofauti kila wiki, sasa ni ya kuhesabu kwa mwezi, lakini hayajasimama, mwezi uliopita tu gumba limeanza kugusa kidole cha mwisho. Presha tunapima kila asubuhi nyumbani, imekaa kwenye 130, vidonge anakumbusha yeye mwenyewe.

Wiki ijayo anarudi Wete na boti, msimu unaanza na hataki kuukosa. Fizio kamuandikia karatasi ya kwenda nayo, mazoezi sita, na ataangalia kwa video kila Jumamosi. La kwanza kwenye karatasi kaandika, mama achambue pishi moja kwa siku, asisaidiwe.